Mtu wa Arobaini na Moja

Siku tatu kabla ya sherehe yake, Florentine Kahongya aliacha kula.

Hakukusudia. Jumanne mchana mumewe Josaphat, mwalimu mstaafu, alimwekea mezani fufu na sombe, akaketi mbele yake, akamtazama anavyokata tonge, analizungusha kwenye mboga, kisha analirudisha pembeni ya sahani kana kwamba kuna mtu mwingine atakayekuja kulimaliza.

“Mama ya Keren, hiyo fufu unaikula ao unaipima?”

“Nitakula.”

“Njo vile ulisema asubui juu ya chai. Chai yenyewe ile pale, imeisha kuota ngozi.”

Josaphat alidhani ni woga wa hotuba. Ijumaa saa nne, katika ukumbi wa ofisi ya mji, Butembo ingemuaga mke wake baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, kumi na tisa kati ya hiyo akiwa mkuu wa kompyuta zote za mji. Kungekuwa na kwaya, mbuzi mwenye utepe shingoni, kikwembe kipya, na brevet, hati ya shukrani, ndani ya fremu ya kioo. Mwalimu alikuwa ameshamwandikia hotuba mbili, moja ndefu na moja fupi, na sasa alikuwa anaandika ya tatu, ya katikati.

Lakini Florentine hakuogopa hotuba. Aliogopa sentensi moja, na mwandishi wake hakuwa mumewe.

Asubuhi ile Agar, mkuu wa wafanyakazi, alikuwa amemvuta ofisini kwake na kufunga mlango kwa kisigino. Agar ndiye aliyeandaa sherehe yote, kuanzia kwaya hadi mbuzi.

“Kaa, mama. Sikiliza, kisha ulie,” alisema, akasoma kutoka kwenye karatasi: “Kwa Mama Florentine Kahongya, aliyewahesabu wana wa mji huu kama mzazi anavyowahesabu wake kabla ya kufunga mlango, wala hakupoteza hata mtu mmoja.”

Florentine hakulia. “Hiyo ya mwisho, iondoe.”

“Kuondoa? Mais njo ile itafanya batu balie!”

“Agar, nakuomba.”

“Iko tayari kwa muchoraji. Ameiandika na rangi ya zahabu, haifutike. Acha kujifanya mudogo, mama. Sasa sisi batu bafupi tutaonekana gisi gani?”

Hapo sasa kulikuwa na sentensi ya dhahabu. Na siku hiyo hiyo, mbele ya watu, Florentine angetia saini kwenye karatasi ya remise et reprise, ya makabidhiano, ile ambayo bila hiyo hakuna mtumishi anayetoka ofisini akiwa huru. Anayeondoka anaandika kila anachokiacha, kuanzia viti mpaka funguo. Anayeingia anahakikisha. Wote wawili wanatia saini. Timothée, injinia kijana ambaye angechukua nafasi yake, alikuwa ameshakagua viti, vioo, betri na nyaya. Mstari mmoja tu ulibaki, ule mkubwa kuliko yote: Faili ya wakazi, kamili.

Florentine alitakiwa kuweka jina lake chini ya neno “kamili”. Na faili haikuwa kamili. Au labda ilikuwa. Hilo ndilo jambo alilokuwa hajui, na kutojua huko kulikuwa na umri wa miaka minane.

*

Mji mzima ulimwita Mama Machine. Aliingia kazini akiwa na miaka ishirini na miwili, dactylo, mpiga taipu, mwanafunzi wa masista, mwenye vidole vyepesi kiasi kwamba wakubwa walisimama nyuma yake kusikiliza tu. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, imevikwa nailoni, hakuna mkuu aliyetaka kuiwasha. Kila mmoja alihofia iungue mikononi mwake. Florentine aliagizwa kuipangusa vumbi. Kwa kuipangusa akaijua. Miaka michache baadaye wakubwa wale wale walikuwa wanamwita mbio kila mara kioo kilipokuwa cheusi, naye alikuja, akachomeka waya uliochomoka, akaondoka bila kumwaibisha mtu.

Kazi kubwa ya maisha yake ilikuwa madaftari. Kila mtaa ulikuwa na daftari lake la wakazi, kurasa za samawati zilizoliwa na mchwa na moshi, na yeye aliyaingiza yote kwenye machine, mtu baada ya mtu, avenue baada ya avenue. Kila Ijumaa alinakili faili nzima kwenye diski ndogo, akaizika ndani ya beseni la maharagwe, akalibeba beseni kichwani hadi nyumbani kwake Vulamba. Ofisi ikiungua, alisema, mji utabaki ndani ya maharagwe. Siku za milio ya risasi alipita nalo mbele ya askari.

“Mama, nini wana?” waliuliza kwa Kilingala, amebeba nini.

“Madesu, papa.” Maharagwe.

Uongo huo mdogo aliuungama kwa padri mara nne. Ule mkubwa hakuuungama hata mara moja, kwa sababu hakuwa na hakika kama ni uongo.

Miaka minane iliyopita, alasiri moja ya Alhamisi, machine kubwa ilijaa. Mtaalamu mmoja mgeni alikuwa amewaachia programu ya kutafuta watu walioandikwa mara mbili. Programu ilitazama vitu vitatu tu: jina, mwaka wa kuzaliwa, na avenue. Vitatu vikilingana, kwake huyo ni mtu mmoja. Kioo kikamwonyesha idadi: arobaini na mmoja. Chini yake kikauliza kama afute waliozidi. Courant, umeme wenyewe, ilikuwa inayumba, betri zinalia, na nje ya dirisha foleni imefika barabarani. Akabonyeza ndiyo. Kisha, kwa kuwa kesho yake ilitangazwa ville morte, siku ya kufunga mji, na hakuna ambaye angetoka nyumbani, akanakili faili kwenye diski ya maharagwe siku moja mapema. Nakala mpya ikailalia ile ya zamani na kuifuta.

Kesho yake mji ulikuwa umefungwa, kimya. Florentine alikuwa uani anachambua mchele. Jirani mmoja akaita, “Kambale! We Kambale!” Wavulana watatu, kutoka nyua tatu, wakaitika kwa pamoja.

Ungo ulimponyoka.

Kwa Wanande, watu wake, jina la kwanza la mtoto halichaguliwi, linafika pamoja naye. Mvulana wa pili ni Kambale, wa tatu ni Kasereka, katika kila nyumba, tangu mababu. Mgeni aliyeandika ile programu hangeweza kulijua hilo. Florentine alilijua kabla ya kujua kusoma. Kaka yake mwenyewe, tumbo moja, ni Kambale. Naye alikaa mbele ya kioo na kusahau kwamba kwao jina linasema umezaliwa wa ngapi, halisemi wewe ni nani.

Kwa miezi minne, kila Jumamosi, alifungua madaftari ya karatasi akiwa peke yake. Kati ya wale arobaini na mmoja, watu thelathini na wanane walikuwa watu kweli, wenye mama zao na nyumba zao. Akawarudisha mmoja mmoja. Wawili walikuwa wameandikwa mara mbili kweli. Akabaki mmoja. Kambale Ésaïe, mzaliwa wa mwaka 1991, wa avenue moja ya mteremkoni huko Vulamba. Paa lilikuwa limevuja juu ya ukurasa ule. Mstari wa juu ulisomeka vizuri: Kambale Ésaïe. Mstari wa chini yake ulikuwa doa la buluu. Doa lile lingeweza kuwa mtu. Lingeweza pia kuwa karani aliyesinzia na kuandika jina moja mara mbili.

Kambale Ésaïe aliyebaki kwenye faili alikuwa amehamia Beni, ana karakana ya kuchomelea milango ya chuma. Florentine alijua hilo tangu mwaka wa pili. Angeweza kwenda kumuuliza swali moja. Kila mwaka alijiambia ataenda, na kila mwaka alipata sababu ya kutokwenda: barabara, Ebola, mvua, barabara tena. Ukweli ni kwamba asipouliza, doa lilibaki doa.

*

Alimwambia Josaphat pale pale mezani, mbele ya fufu iliyopoa. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Alivua miwani tu.

“Miaka munane?”

“Munane.”

“Na mie nililala pembeni yako, nikizani ni tumbo.” Akafuta miwani kwa pindo la shati, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. “Kesho tunaenda Beni.”

“Barabara—”

“Barabara tutauliza. Watu banapita. Kama banapita na magunia ya mukaa, sisi pia tutapita.”

Jumatano asubuhi waliuliza, wakaambiwa ni shwari tangu juzi, wakapanda taksi. Njia nzima Florentine hakutazama kilima wala shamba. Alitazama mikono yake. Alikuwa anaomba, na katikati ya sala akashtuka alipogundua anachokiomba: kwamba yule mtu asiwe amezaliwa. Aliacha kuomba.

Karakana ilikuwa kando ya barabara kuu ya Beni, milango ya chuma imeegemezwa ukutani kama foleni ya watu. Mwanamume wa miaka thelathini na kitu aliinua kofia ya kuchomelea usoni, akamtazama yule mama, akacheka kwa furaha.

“Mais huyu si Mama Machine? Mama! Wewe njo uliniandikia papier ya ndoa!”

“Wewe njo Kambale Ésaïe?”

“Njo miye mwenyewe. Mukaribie. Mama, kuko nini?”

Florentine alikuwa amepanga kuanza mbali, kwa salamu na habari za watoto. Akajikuta analisema swali lote kwa pumzi moja. “Kwenye avenue yenu, ile ya muteremuko, kulikuwa Kambale Ésaïe mwingine?”

Fundi akaweka koleo chini.

“Ésaïe ya Chini?” fundi akasema. “Ah, ule! Miye nilikuwa Ésaïe ya Juu, ye Ésaïe ya Chini, juu nyumba yao ilikuwa chini ya kisima. Ba mama zetu balizaa mwezi moja, bakatubatiza siku moja, mu Majilio, ile wakati masomo yote ya Misa iko ya nabii Isaya. Padri akasema: bote babili Ésaïe, mambo kwisha!” Alicheka tena, kisha kicheko kikapungua. “Mama, kaa chini. Muleteye mama kiti!”

Florentine alikaa juu ya kipande cha bomba. “Yuko muzima?”

“Muzima. Yuko Kipese, analima poireaux na viazi na mama yake, Mama Rébecca. Mais…” Akajikuna shingo. “Ule mutu hana bahati na bureau. Alienda kuomba attestation, ile papier ya mukaaji, mara ya kwanza, bakamwambia: Kambale Ésaïe amekwisha kupata, alioa nayo. Mara ya pili bakamwambia vile vile. Mara ya tatu bakamwita mwizi wa jina. Akanipigia simu na hasira: weye uliuza jina yangu? Miye nikacheka. Nilizani ni mambo ya bureau tu, itapita. Hatujaongea tena.”

“Mara tatu,” Florentine akarudia.

“Tatu. Bila papier hakupata carte ya kujitambulisha. Na batoto yake babili, bo pia hawakuandikwa, juu baba hayuko mu machine.”

Doa lilikuwa limepata jina, mama, shamba na watoto wawili. Florentine alishika mkono wa Josaphat na kuinuka. Fundi alijaribu kupiga simu ya Kipese, haikupita. Akajaribu tena. Network hapana.

*

Alhamisi alfajiri Florentine alikuwa kwenye egesho la malori ya mboga. Malori yanayoleta poireaux, vitunguu vya majani, na viazi kutoka upande wa Lubero hurudi huko yakiwa na chumvi na sabuni, na wanawake wa poireaux hupanda juu ya mizigo. Alimpata mmoja aliyekuwa anarudi Kipese, mama mrefu aitwaye Eliane.

“Unamujua Mama Rébecca, mwenye mutoto Kambale?”

“Mama, Kipese nzima iko na ba Kambale.”

“Kambale Ésaïe. Walitoka hapa Vulamba.”

“Ah, ule asiye na carte!” Eliane akasema, bila ubaya, kama mtu anayesema ule mwenye kilema.

Florentine akampa barua. Ilisema: Njoo Ijumaa saa nne kwenye ofisi ya mji. Kosa ni langu. F. Kahongya. Aliikunja, akaifunua, akaongeza chini: Tafadhali.

Kisha akaenda kazini na kumweleza Timothée kila kitu, mlango ukiwa wazi, kwa sababu alikuwa amechoka na milango iliyofungwa.

Timothée alikuwa kijana mwema. Alimpenda yule mama aliyemfundisha kwamba machine inasafishwa kwa brashi laini na watu kwa subira. Alikuna kidevu.

“Mama, sikiliza. Kesho weka tu saini. Andika ‘kamili’. Jumatatu mie nitamuingiza ule mutu pole pole, na batoto. Nani atajua? Kwa nini ujichafue siku ya fête yako?”

Na Florentine alilifikiria hilo. Asidhani mtu kwamba hakulifikiria. Alilifikiria mchana kutwa, hata alipokaa mbele ya sahani ya Josaphat bila kuigusa. Mtu angepata karatasi yake. Watoto wangeandikwa. Sentensi ya dhahabu ingebaki ukutani kwake, na Keren, binti yao aliyekuwa anakuja kutoka mbali na wajukuu, angepigwa nayo picha. Hakuna ambaye angeumia. Alilirudia hilo mara nyingi, na kila mara alipofika mwisho alimwona mwanamume asiyemjua, mbele ya dirisha la ofisi, anaitwa mwizi wa jina lake mwenyewe. Kesho Kambale Ésaïe angekuwa mtu aliyerekebishwa kimya kimya, lakini ule wizi ungebaki kwake. Nani angeufuta?

Jioni Josaphat alimkabidhi hotuba ya katikati. Aliisoma, akamshukuru, akaiweka chini ya kitambaa cha meza.

*

Ijumaa ukumbi ulijaa kabla ya saa. Kwaya ilivaa njano. Mbuzi alifungwa kwenye mguu wa meza ya kinywaji na alikuwa ameanza kula utepe wake. Florentine aliketi mbele, kikwembe kipya mabegani, na hakuacha kutazama mlango. Saa nne. Saa nne na nusu. Kila kichwa kilichoingia kilikuwa cha mtu anayemjua.

“Tazama mbele, mama, banapiga picha,” Agar akamnong’oneza.

“Kuko mutu namungojea.”

“Batu bote beko hapa!”

Walisema maneno mazuri. Chef de quartier mmoja, mkuu wa mtaa, alikumbusha jinsi Mama Machine alivyotembea na mji kichwani ndani ya beseni, na watu wakapiga vigelegele. Mjukuu mmoja wa Florentine akalala mapajani mwa Keren. Kiti cha Josaphat, kando ya mkewe, kilikuwa kitupu. Mwalimu alikuwa ametoka kuchungulia uani, ndani ya geti, akarudi akitikisa kichwa, akatoka tena. Wakati wa kwaya alitoka mara ya tatu, akaenda mpaka getini, na hakurudi.

Kisha Agar akainua brevet juu. Dhahabu iling’aa kweli. Akaisoma kwa sauti ya kanisani, pole pole, na alipofika kwenye “wala hakupoteza hata mtu mmoja”, wanawake kwenye viti vya nyuma wakaanza kufuta macho, kama alivyotabiri.

Karatasi ya remise et reprise ikawekwa mezani. Timothée akatia saini upande wake, akamsogezea kalamu, akamtazama kwa macho yanayoomba.

Florentine akashika kalamu. Akapiga mstari juu ya neno “kamili”. Pembeni akaandika, polepole, kwa herufi za masista: Amekosekana mtu mmoja. Kambale Ésaïe wa chini ya kisima, na watoto wake wawili. Nilimfuta mimi. Chini ya hayo akatia saini.

“Mama, unafanya nini?” Agar akauliza, midomo haisogei, akiendelea kutabasamu kwa ajili ya picha.

Florentine akasimama. Hotuba ya katikati ilikuwa nyumbani chini ya kitambaa. “Hiyo brevet ni nzuri,” alisema. “Mais haiko kweli. Nilipoteza mutu.”

Akawaambia. Alitumia maneno machache, ya kawaida. Alasiri, courant, kitufe, wavulana watatu uani, doa la buluu. Alipofika pale pa Kambale, mzee mmoja aliguna “Eeeh!” kwa sauti, kwa maana ukumbini pale kulikuwa na akina Kambale wasiopungua kumi na watano, na kila mmoja alijigusa kifua. Hakuna aliyepiga makofi. Kwaya ilitazama viatu vyake. Florentine alibaki amesimama, akaona kuwa ukweli unaumiza kama alivyouogopa kwa miaka minane, wala si pungufu.

Kelele zikatoka nje.

“Nakuambia huyu njo amealikwa!” Ilikuwa sauti ya Josaphat, sauti yake ya darasani.

“Mwalimu, nielewe. Hana carte. Agizo ni moja: hakuna kuingia bila carte. Tangu saa tatu namwambia!”

Tangu saa tatu. Saa nzima na zaidi Florentine alikuwa ametazama mlango, na mtu alikuwa upande wa pili wa geti.

Mlango ukafunguka. Josaphat aliingia akiwa amemshika mkono mwanamume mwenye buti za mpira zenye udongo mwekundu mpaka magotini, kofia mkononi, macho yanayotafuta polisi. Nyuma yake alikuja mama mmoja mzee, Mama Rébecca, amebeba fungu la poireaux kama mtu asiyeenda kwa watu mikono mitupu hata akienda kushtakiwa.

“Unaitwa nani, papa?” Florentine akauliza.

Mtu yule alitazama ukumbi mzima. “Kuko mutego gani hapa?”

“Hakuna mutego. Njo miye niliandika barua.”

“Kambale Ésaïe,” akasema. Kisha, kwa ukali wa mtu ambaye amelisema mara nyingi bila kusadikiwa: “Njo jina yangu. Siliibe.”

“Najua. Miye njo nilikufuta. Ulikuwa mu machine, nikakutoa. Nakuomba musamaha, wewe na mama yako.”

Kambale Ésaïe alisogea hatua moja. Alimtazama sana usoni. “Mara ya kwanza ilikuwa kijana moja. Ya pili pia. Mara ya tatu, mama, miaka munane sasa, njo wewe mwenyewe ulikuwa ku guichet, pale dirishani. Ulivaa miwani ya kamba. Uliniambia: papa, usinipotezee muda, huyu mutu iko mu machine tayari.”

Florentine alitafuta kichwani. Alikumbuka kila daftari, kila avenue, kila waya. Uso ule hakuukumbuka. Aligeuza kumbukumbu yake yote kama mtu anayegeuza mifuko, na uso haukuwepo.

“Sikumbuke,” alisema, na hilo lilimuuma kuliko karatasi. “Sitakudanganya. Sikumbuke.”

“Miye nakumbuka,” Kambale Ésaïe akasema.

Agar ndiye aliyesogea kwanza. Aliitazama brevet mikononi mwake, akaigeuza, uso wa kioo ukielekea kifuani, akaipachika kwapani kama trei. “Sasa tunasimama tu?” aliuliza ukumbi. “Kwaya, imbeni kitu! Timothée, courant iko ao haiko?”

“Iko.”

“Basi washa ile machine kabla courant iende.”

*

Walikwenda watano tu: Florentine, Timothée, Kambale Ésaïe, mama yake, na Josaphat aliyebeba poireaux. Florentine akaketi mahali pake pa siku zote, kisha akakumbuka, akainuka, akampisha Timothée. Alikuwa ametia saini; kiti hakikuwa chake tena. Akasimama nyuma ya bega lake, kama wakubwa walivyosimama nyuma yake zamani.

“Jina la baba?”

“Maliro.”

“Jina la mama?”

“Andika mie niko hapa, natazama,” Mama Rébecca akasema.

Kioo kilitulia, kikatafakari, kisha kizuizi kilichowekwa miaka ya karibuni kikatoa ujumbe mwekundu: mtu huyu tayari yumo. Jina lile, mwaka ule, avenue ile. Kambale Ésaïe hakujua kusoma haraka lakini aliijua rangi nyekundu. Akavaa kofia yake. Alikuwa anageuka kuondoka.

“Ngoja,” Florentine akasema. “Papa, ngoja. Timothée, acha jina. Weka ya mama zao pembeni. Mama ya huyu, mama ya ule. Iambie machine ilinganishe hiyo.”

Timothée akaandika. Betri zikalia mara moja, mbili. Kisha nyekundu ikaondoka, na kwenye faili, mmoja juu ya mwingine, wakasimama wawili: Kambale Ésaïe mwana wa mama yule mwingine, na Kambale Ésaïe mwana wa Rébecca.

“Na batoto?” mtu yule akauliza. Kofia ilikuwa bado kichwani.

“Majina yao.”

“Mukubwa ni Kataliko. Mudogo ni Jemima.”

Karatasi ilitoka ikiwa na joto. Kambale Ésaïe aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka mwisho, akarudi juu, akaisoma tena. Kisha akaikunja mara nne na kuitia ndani ya kofia. Kwa miaka thelathini na minne Florentine alikuwa amewakataza watu kukunja attestation. Alifunga mdomo.

Hakusema asante. Mlangoni alisimama, akamtazama yule mama mwenye kikwembe kipya. “Njia ni mbali,” alisema. “Lori inaenda saa munane.”

“Najua.”

“Mama yangu hajakula tangu jana.”

Florentine akageuka kwa Josaphat. Kutoka ukumbini harufu ya mchuzi ilikuwa inafika, na kelele za viti vinavyopangwa. Tumbo lake likaunguruma kwa sauti, mbele za watu, baada ya siku tatu, na Mama Rébecca akalisikia na kucheka kidogo kwa mara ya kwanza.

“Papa ya Keren,” Florentine akasema, “tuombee sahani. Ya mama huyu, ya papa Ésaïe, na yangu.”

“Unakula ao unapima?”

“Uende, mwanaume!”

Walikula pale pale ofisini, kwenye meza iliyokuwa yake, sahani katikati ya nyaya. Kambale Ésaïe alikula akiwa na kofia kichwani. Kila baada ya matonge machache alipandisha mkono, akaigusa, akaendelea kula.